Maoni ya Wasomaji Kuhusu Mtoto wa Ngazini

"Nina swali moja tu," aliandika msomaji wa kwanza. "Hilo kasri lina vyumba mia na ishirini. Nani anapiga deki?"

Mwalimu akacheka. Alicheka peke yake mezani, kwa sauti, mpaka mama mkwe wake aliyekuwa akichambua mchele mlangoni akainua kichwa. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini katika nyumba ile kicheko kilikuwa kimeadimika kuliko mgeni, na bibi yule hakujua akipokeeje.

"Kuna nini?"

"Wasomaji, mama. Nasoma maoni yao."

"Wanasema kitabu kizuri?"

"Huyu anauliza nani anadeki."

"Ana akili huyo," mama mkwe akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Bahasha ilikuwa imeletwa asubuhi hiyo ya Jumanne na katibu wa mchapishaji. Ndani mlikuwa na maoni sitini na matatu kuhusu kitabu cha Mwalimu, *Theluji Kasrini*. Mengine yalikuja kwa simu na katibu akayanakili, mengine wasomaji waliyaandika kwenye karatasi ya mwisho ya kitabu, wakaikata na kuituma. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kuchagua kumi yaliyo mazuri kabla ya Ijumaa mchana, siku ambayo mashine ingewashwa kuchapa toleo la pili. Hayo kumi yangekaa nyuma ya jalada.

Kitabu chenyewe, tusidanganyane, kilikuwa kitamu kama chai iliyotiwa sukari na mtu anayekuogopa. Mpishi maskini anaajiriwa kwenye kasri la mawe, theluji inaanguka, Krismasi inakaribia, mrithi wa kasri anashuka jikoni kuomba maji ya moto na moyo wake unabaki huko huko. Wanaoana ukurasa wa mia na sitini na nane. Katika kitabu kizima hafi mtu. Hata kuku hafi. Na hakuna anayekohoa, pamoja na baridi yote ile. Mwalimu hajawahi kuiona theluji. Aliifahamu kutokana na friji la muuza soda likiachwa wiki mbili bila kuyeyushwa. Wala msimcheke. Wapo wanaoomboleza kwa kulia na wapo wanaoomboleza kwa kulewa. Yeye alijenga kasri.

Maana alikuwa na msiba. Mtoto wao wa pekee, wa kike, wa miaka sita, alikuwa amefariki kwa kifua miezi kumi na minne iliyopita. Matanga yalipokwisha, Mwalimu aliwaita mume wake na mama mkwe akawaambia, "Naomba jina lake lisitajwe humu ndani. Lisitajwe kabisa." Wakakubali, nani angemkatalia? Lakini jina la mtoto lilikuwa la bibi yake, mama mkwe huyu, alirithishwa siku ya kuzaliwa. Na mtaa mzima ulikuwa ukimwita Mwalimu kwa jina la mtoto, mama fulani, na mume wake baba fulani. Siku moja tu, watu watatu wakapoteza wanavyoitwa. Mtaa ukajirekebisha. Yeye akawa Mwalimu, ingawa darasani alikuwa hakanyagi tena. Mume akawa Fundi. Mama mkwe akawa Bibi, basi. Hakuna aliyewahi kumuuliza yule mzee kama inamuuma kukaa mwaka na zaidi bila kuitwa jina lake na mtu yeyote.

Mwalimu akaendelea kusoma. Dada mmoja alilalamika kwamba wapenzi hawakushikana hata mkono mpaka ukurasa wa tisini: "Jamani, sisi wengine tuna kazi." Mlinzi wa ghala alisema alikisoma getini na kusikia baridi mpaka akavaa koti saa saba mchana. Mwingine akaandika, "Mimi nimeolewa miaka ishirini na mume wangu hajawahi kushuka jikoni kuomba maji ya moto. Anapiga kelele akiwa kitandani." Mwalimu akayaweka hayo upande wa kulia, upande wa yatakayochapwa.

Oni la kumi na tisa lilikuwa la mwanafunzi wa ushonaji. "Kitabu kizuri," aliandika, "ila yule mtoto anayekaa ngazini ananisikitisha. Ni wa nani?"

Mwalimu akakunja uso. Hakuwa ameandika mtoto yeyote. Kasri lake lilikuwa na mpishi, mrithi, shangazi mkali wa mrithi, mtunza farasi na mbwa. Huyu atakuwa amechanganya vitabu, akasema moyoni, akaiweka karatasi kando.

La ishirini na nne: "Nimempenda mtoto asiyesema."

La thelathini na moja: "Mbona watu wote wanampita pale ngazini hawamsemeshi? Kasri zima lile, watu wazima na akili zao!"

La thelathini na nane liliandikwa na mama mmoja kwa wino wa kijani. "Nilijua anapendwa na mtu, kwa sababu ya ile sweta ya njano. Mtu asiyempenda mtoto hamshonei kifungo. Kile kikubwa cha kahawia, kisichofanana na vingine."

Mwalimu akaiweka karatasi chini. Kifungo hicho alikishona mwenyewe. Kilitoka kwenye koti kuukuu la marehemu baba mkwe, kwa kuwa cha njano kilipotea na duka halikuwa nacho, na mtoto akakipenda kuliko vyote, akawa anakishikashika akiwa na usingizi. Aligeuka kuutazama msumari wa nyuma ya mlango ambapo sweta ile ilikuwa ikining'inia. Msumari ulikuwepo. Sweta haikuwepo, alimwambia mama mkwe aigawe, na mama mkwe akasema ameigawa.

"Mama," akaita. "Kile kifungo cha kahawia. Umewahi kumweleza mtu?"

Ungo ukasimama. "Kifungo gani?"

"Cha sweta."

Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu. Miezi kumi na minne hapakuwa na aliyethubutu kugusa jambo hilo, na leo mwenye kulikataza ndiye analileta, jua likiwaka, mbele ya mchele.

"Mwanangu," akasema taratibu, "umekula tangu asubuhi?"

*

Fundi alirudi saa kumi na mbili kasoro, kucha zake nyeusi kama kawaida. Kazi yake katika kiwanda cha uchapaji ilikuwa kupanga kurasa: kuchukua maandishi ya mtu na kuyafanya yawe kitabu, mistari ikae sawa, sura zianze panapostahili. Ni mtu wa maneno machache. Wenzake husema maneno yote amewapangia wengine, hayakumbakia.

Mwalimu hakungoja hata anawe mikono. "Kuna mtoto kitabuni mwangu."

Fundi akasimama na ndoo ya maji mkononi.

"Wasomaji wanane wamemwona. Anakaa ngazini. Ana sweta." Akaishusha sauti. "Nimefungua kitabu nimekipekua ukurasa kwa ukurasa. Hayumo. Nimesoma na daftari nililoandikia. Hayumo. Wao wanamwona, mimi simwoni."

Kitabu alichokuwa nacho ni nakala moja tu. Fundi aliishona kwa mkono kabla ya nyingine zote, akamletea kama zawadi, na Mwalimu hakutaka nyingine.

Fundi alimtazama mke wake, kisha akamtazama mama yake aliyekuwa amekaa pale pale akisikiliza kila neno.

"Wasomaji huchanganya vitabu," akasema hatimaye. "Hutokea."

"Na kifungo?"

"Hutokea," akasema tena, akatoka nje kunawa. Alinawa kwa muda ambao ungetosha kuoga.

Huo ulikuwa uongo, na uongo wa mtu asiyezoea kudanganya huumiza kuliko wa mzoefu, kwa sababu unaaminika. Mwalimu akaamini. Basi kama wasomaji hawana kosa na kitabu hakina kosa, kosa limebaki kwake. Labda hata barua za wasomaji hazisemi hivyo. Labda yeye ndiye anayezisoma hivyo. Aliigeuza bahasha nzima kifudifudi, akaweka sahani juu yake.

Alfajiri akamsikia mama mkwe akizungumza kwa simu uani na binti yake, wifi yake Mwalimu. Alidhani anasema polepole, lakini masikio ya uzee hayajui kipimo. "Anaona watu kwenye makaratasi... La, hapigi mtu, hana kelele... Nasema akapumzike kwao, wazazi wake wapo... Jumamosi uje umchukue. Mimi nitampangia nguo. Kaka yako? Kaka yako umewahi kumsikia akikataa kitu?"

Kwao! Mwalimu alikaa kitandani akiwa amejifunika shuka mpaka kidevuni. Alimjua jirani aliyepelekwa kwao kupumzika; ni mwaka wa nne sasa anapumzika, na mume ana mke mwingine. Ana siku tatu za kujua kama akili yake ni nzima. Asipojua yeye, watamjulia wao.

*

Jumatano saa mbili alikuwa kwenye duka la vifaa vya shule, mtaa wa pili. Muuzaji, mwanaume mwenye miwani iliyofungwa gundi, alikuwa akikung'uta vumbi kwenye madaftari.

"*Theluji Kasrini*? Umebahatika, kimebaki kimoja. Shika vizuri, mikono isiwe na mafuta. Ukifungua umenunua."

"Nifungue tu kidogo."

"Haya, kidogo. Jana mmoja kafungua kidogo kamaliza sura tatu."

Mwalimu akafungua mwisho wa sura ya pili. Alijua sura hiyo inavyoishia: mpishi anazima mshumaa na kuufikiria mkono wa mrithi. Maneno yake yalikuwepo. Chini ya maneno yake kulikuwa na mengine.

*Ngazini, juu kabisa, alikaa mtoto wa kike mwenye sweta ya njano. Kifungo kimoja kilikuwa cha kahawia, kikubwa kuliko wenzake, naye alikuwa amekishika. Hakusema kitu. Aliwatazama waliokuwa wakipita.*

Akahisi ubaridi unampanda mgongoni, ubaridi wa kweli, dukani, watu wakiwa na leso wanajipangusa jasho. Akafungua mwisho wa sura ya tatu. Mtoto yupo, ngazi mbili chini. Mwisho wa sura ya tano: mtoto amefika katikati, ametegemeza shavu kwenye nguzo ya mawe. Ya sita, ya nane, ya kumi. Kila sura anashuka, kila sura amekaribia mlango mkubwa wa kasri, na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi.

"Umekafikia kale kasichana?" muuzaji akauliza, akimtazama juu ya miwani. "Mke wangu kalia juzi, nikamwambia mama, hii ni hadithi ya harusi, unalia nini? Akaniambia, nalia kwa kuwa anashuka."

Mwalimu akamlipa. Aliondoka bila kungoja chenji, na muuzaji akatoka mpaka barabarani kumwita, lakini alikuwa ameshakata kona.

Kitu kimoja kilimjia akiwa njiani, na ilikuwa karibu kiwe furaha. Yumo! Kwa hiyo sina wazimu. Ndipo cha pili kikafuata. Yumo, na mimi sikumwandika.

*

Kiwandani mashine zilikuwa zikinguruma, na Fundi alikuwa ameinamia meza yake. Alipomwona mke wake mlangoni na kitabu kimefunguliwa kifuani, hakuuliza kimemleta nini. Alivua miwani.

"Ni wewe," Mwalimu akasema.

"Ni mimi."

"Jana ulinambia wasomaji wanachanganya vitabu."

"Mama alikuwepo. Na ulikataza asitajwe." Akaiweka miwani mezani. "Sikumtaja, mke wangu. Tafuta kitabu kizima. Jina lake halimo."

Kiwanda kile kina kanuni, na kila anayefanya kazi pale anaijua. Sura haiishi kwenye ukurasa wenye mistari chini ya mitano. Mwenye kiwanda anasema ukurasa mtupu ni karatasi iliyotupwa, na msomaji anaona ameibiwa. Sura ikiishia vibaya, mpanga kurasa anamrudia mwandishi: ongeza au punguza. Na Fundi alimrudia mwandishi, mwandishi akiwa amelala amegeukia ukutani, wiki ile ambayo ingekuwa ya sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto. Sura saba zimeishia vibaya, alimwambia. Naye akajibu bila kugeuka, "Jaza mwenyewe. Mimi sitaki kuisoma tena. Jaza hata upepo." Wakati huo ile nakala ya zawadi ilikuwa imeshashonwa, kutoka kwenye karatasi za majaribio, kurasa zikiwa bado tupu.

"Ulisema nijaze upepo," Fundi akasema. "Nilikaa hapa nijaze upepo. Haukuja upepo. Alikuja yeye."

"Ukamweka kwenye theluji!" Sauti ya Mwalimu ilipanda juu ya mashine. "Ukamweka mwanangu kwenye theluji! Mtoto mwenye kifua kile, mvua ya dakika tano anakohoa wiki, wewe unamkalisha kwenye ngazi za mawe, madirisha wazi, watu wote wanakula na kucheza, hakuna hata wa kumwambia sogea motoni! Baba gani wewe?"

"Nilimvika sweta."

"Sweta! Haikumsaidia hapa kwenye jua, itamsaidia kwenye barafu?"

Mtu mmoja, kwa heshima au kwa umbea, alizima mashine, na maneno hayo ya mwisho yakasikika kiwanda kizima. Wafanyakazi wakainamia kazi ambazo hawakuwa nazo. Fundi akasimama katikati ya ukimya ule, machozi yakimshuka na mikono ikining'inia, hakujua pa kuificha. Mwalimu alikuwa hajawahi kumwona akilia. Hata makaburini alikuwa anashughulika na viti.

"Sikuwa na pengine pa kumweka," akasema. "Nyumbani haruhusiwi."

Mwalimu akakaa kwenye rundo la karatasi.

"Kwa nini anashuka?" akauliza baadaye, polepole.

"Sijui. Pengo la kwanza niliandika yuko juu kabisa. Nilipofika la pili nikaona hayuko juu tena."

"Ukaona?"

"Nikaandika. Sijui, mke wangu. Mkono ulikuwa unajua."

"Na la mwisho?"

"Yuko ngazi ya chini, karibu na mlango. Amekaa anavaa viatu. Hapo nafasi ikaisha."

Viatu. Kuna jambo moja la asubuhi ile ya hospitali ambalo Mwalimu hakumwambia mtu, si mume, si mama mkwe, si Mungu kwa sauti. Alisimama, akajikung'uta vumbi la karatasi.

"Mtoe," akasema. "Toleo la pili asiwemo."

"Nitamtoa."

"Kote saba."

"Kote saba. Ijumaa saa nane mashine inawaka. Nitakuja mchana kuchukua yale maoni kumi, uniambie kama bado neno lako ni hilo."

Siku mbili zilizofuata nyumba ilikuwa na kimya cha kutisha. Hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililotisha. Mwalimu alifagia ukumbi mara tatu kwa siku. Kila alipopita mbele ya ule msumari alijikuta anapita kwa kujibana, kana kwamba kuna mtu mfupi amesimama pale. Mama mkwe akampangia nguo kwenye begi, akazikunja vizuri sana, akatia mpaka mswaki. Mwalimu akaishi siku mbili akiazima mswaki wake mwenyewe kutoka kwenye begi na kuurudisha.

*

Ijumaa Fundi alikuja saa sita na nusu. Begi lilikuwa mlangoni, akaliruka. Mama mkwe alikuwa jikoni, moshi na harufu ya vitunguu vikitoka.

"Kumi yako hapa," Mwalimu akasema, akisukuma karatasi. "Nimechagua yasiyomtaja."

"Kuna moja limefika leo." Fundi akatoa kadi mfukoni. "Katibu kasema nikupe. Sijalisoma."

Ilikuwa karatasi ya mwisho ya kitabu, imekatwa kwa mkono bila mkasi. Haikuwa na jina wala anwani. Mwandiko ulikuwa mkubwa na wa kutetemeka kidogo. Mwalimu akaanza kuisoma kimya, akasimama, akaanza upya kwa sauti.

"*Mimi ni mtu mzima na hadithi za mapenzi huwa sisomi. Hiki nilikikuta kwenye benchi la wagonjwa, nikiwa nangoja kuitwa. Harusi sikuijali. Nilichopenda ni mwisho, pale mtoto anapovaa viatu, na mpishi anataka kumfungia kamba, na mtoto anamwambia: Niache mama, nitafunga mwenyewe, usiniharakishe. Na mpishi akakaa naye ngazini, akamngoja mpaka akamaliza. Walikaa muda mrefu. Hakuna aliyewaharakisha.*"

Fundi akanyoosha mkono, akaichukua kadi, akaisoma mwenyewe. Kisha akakichukua kile kitabu cha dukani, akafungua ukurasa wa mia na sitini na nane, akapitisha ukucha mweusi chini ya kila mstari. Mtoto, sweta, ngazi ya chini, viatu. Mistari sita, basi.

"Hasemi," akanong'ona. "Mimi sikumpa neno hata moja. Na mpishi hayupo hapa, yuko kanisani, anaolewa."

"Najua."

"Basi huyu mtu kajiongezea. Watu husoma wanachotaka."

"Ni maneno yake," Mwalimu akasema. "Ndiyo maneno yake, baba."

Akamweleza. Alimweleza akitazama meza. Asubuhi ile ya mwisho, teksi ikipiga honi nje, mtoto akihema kwa shida lakini ameng'ang'ania kufunga kamba za viatu mwenyewe, kwa kuwa wiki ile ndiyo amejifunza. Niache mama, nitafunga mwenyewe, usiniharakishe. Na yeye, kwa hofu, akampiga kofi mkononi. Si la nguvu. Akamfunga kamba upesi upesi, akambeba. Mtoto hakusema kitu tena njiani, wala wodini, mpaka alipofariki saa kumi jioni.

"Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia. Wewe ulikuwa kazini. Mama alikuwa ameshatangulia kwenye teksi. Chumbani tulikuwa wawili."

Fundi alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, wakabaki wanaitazama ile kadi iliyokatwa kwa mkono. Wote wawili walitaka kuuliza ni nani huyu, na wote wawili waliogopa.

"Saa nane mashine inawaka," Fundi akasema mwishowe.

"Usimtoe."

"Una hakika?"

"Abaki pale pale anapovaa viatu. Asiharakishwe." Akapangusa uso kwa viganja vyote viwili. Halafu, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aje ndani, sauti ambayo nyumba ile ilikuwa haijaisikia kwa miezi kumi na minne, Mwalimu akalitaja jina la mwanawe.

"Abee!"

Sauti ilitoka nyuma yao, nyembamba, ya haraka. Fundi akamshika mke wake mkono mpaka ukauma. Hakuna aliyegeuka. Kitu kikaburuta miguu sakafuni, kikaja, kikasimama mlangoni.

Alikuwa mama mkwe. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, na kwenye mabega yake, juu ya kanga, ilikuwa imelazwa sweta ndogo ya njano ambayo aliwaambia ameigawa. Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni.

"Nimesikia naitwa," akasema. "Nikaitika kabla sijafikiri. Siku nyingi sijaitwa." Akawatazama kwa zamu, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. "Mmeniita mimi, au mmemwita yeye?"

"Nimemwita yeye, mama," Mwalimu akasema. "Lakini njoo nawe ukae."

Mama mkwe akaliruka begi, akaja kwenye benchi alilokalia Mwalimu, ambako wote walikuwa wakila zamani. Alikaa pembeni kabisa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati, na hakuna aliyemwambia asogee.